Muulize Mama Ratiba: Mbuzi Mmoja, Timu Kumi na Moja

Nimefundisha michezo katika shule za sekondari mkoani Morogoro kwa miaka 31. Kazi niliyoipenda kuliko zote ni ile ambayo wenzangu waliikimbia: kukaa usiku na daftari la hesabu nikipanga nani acheze na nani, lini, na kwenye uwanja upi. Jina la Mama Ratiba nilipewa na wanafunzi, nikastaafu nalo. Mwezi huu barua nyingi zimeuliza habari za mtoano, ligi na makundi, kwa hiyo nimezijibu pamoja.

Shikamoo Mama Ratiba. Kijijini kwetu tunaandaa mashindano ya kugombea mbuzi. Timu zilizojiandikisha ni 11, uwanja ni mmoja, na siku tulizonazo ni Jumamosi na Jumapili. Mwenyekiti anataka ligi ili kila timu icheze na kila timu. Mimi naona haiwezekani, ila sijui nimweleze vipi. — Katibu wa kamati, Kilosa

Marahaba mwanangu. Mwenyekiti wako ana nia njema, basi usimbishie, mpe kalamu. Azidishe 11 kwa 10, agawe kwa mbili. Atapata mechi 55. Hata mkicheza dakika 20 kila kipindi, ukihesabu mapumziko, timu kuingia na kutoka, na ule muda wa kuutafuta mpira uliopotelea kwenye mahindi ya watu, mechi moja inakula saa nzima. Anzeni saa mbili asubuhi, mpumzike nusu saa adhuhuri, mmalize saa kumi na moja na nusu jioni. Hapo mmepata mechi tisa kwa siku, yaani 18 kwa siku mbili. Hiyo 18 ndiyo akiba yenu yote. Kila mfumo mtakaoufikiria, upimeni kwa hiyo kwanza.

Mtoano unataka mechi 10 tu. Huna haja ya kuchora chochote ili kujua hilo: kila mechi inarudisha timu moja nyumbani, na ili abaki bingwa mmoja, timu 10 lazima zirudi.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo kamati nyingi za mchangani huharibu. Watu huchukua timu 11, wakapanga mechi tano na kuiacha moja ipumzike. Zinabaki sita, zinacheza mechi tatu. Zinabaki tatu, mbili zinacheza, moja inapumzika tena. Kama kura imeiangukia timu ile ile, inaingia fainali ikiwa imecheza mara moja tu, inakutana na wenzao wenye mechi tatu miguuni. Halafu mnashangaa mashabiki kuvamia uwanja.

Dawa yake ni kumaliza mapumziko yote kwenye raundi ya kwanza. Tafuta namba iliyo juu ya 11 katika mfululizo huu wa kuongeza mara mbili: 2, 4, 8, 16. Ni 16. Toa 11, zinabaki tano. Basi timu tano zinavuka raundi ya kwanza bila kucheza, na sita zilizobaki zinacheza mechi tatu. Washindi watatu wakiungana na wale watano, mnapata robo fainali kamili ya timu nane, na kuanzia hapo hakuna wa kupumzika tena. Wale watano wapatikane kwa kura, na msiwarundike upande mmoja wa droo.

Hata hivyo mmetumia mechi 10 na mnazo 18, na kuna vijana watakaotembea kilomita nyingi kuja kucheza dakika 40 halafu basi. Mimi hili linaniuma. Timu zinazotolewa kabla ya nusu fainali ni saba: tatu za raundi ya kwanza na nne za robo. Wapangieni mtoano wao wa pili, wagombee jogoo. Timu saba ni mechi sita. Ongezeni mechi ya mshindi wa tatu, jumla 17. Mnabakiwa na saa moja ya kugawa zawadi kabla giza halijaingia, na kila timu iliyokuja imecheza angalau mara mbili.

Kuna atakayewaambia mfanye makundi: mawili ya timu nne na moja la timu tatu, kisha vinara watatu na mshindi wa pili bora mmoja waende nusu fainali. Hesabu yake ni 15, jumlisha mbili, jumlisha moja, inatimia 18 barabara. Mimi nisingefanya. Mshindi wa pili aliyecheza mechi tatu huwezi kumlinganisha na aliyecheza mbili, mpaka ufute matokeo yao dhidi ya timu ya mwisho ya kundi, na nenda kamweleze hilo nahodha aliyefunga mabao manne katika mechi unayoifuta! Tena bingwa akitoka kundi la timu nne atakuwa amecheza mechi tano ndani ya siku mbili. Hao ni vijana wanaotoka shambani.

Mwalimu, shikamoo. Nina timu sita za madarasa na ninataka ligi ya raundi moja, kila Ijumaa mechi tatu. Kila nikipanga, wiki ya nne najikuta timu mbili zimekwisha kukutana. Kuna njia? — Mwalimu mgeni wa michezo, Singida

Marahaba. Ipo, na mimi nilifundishwa kwa vizibo vya soda. Andika namba 1 hadi 6 kwenye vizibo, vipange mezani safu mbili: juu 1, 2, 3, chini 6, 5, 4. Wanaotazamana ndio wanaocheza. Wiki ya kwanza ni 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4. Kisha kizibo namba 1 usikiguse kabisa. Vingine vyote visogeze nafasi moja kwa kuzunguka, kama watoto kwenye duara: 6 anapanda juu mahali pa 2, 2 anasogea pa 3, 3 anashuka pa 4, na kadhalika. Wiki ya pili utaona 1 na 5, 6 na 4, 2 na 3. Ukizungusha mara nne, utakuwa na wiki tano na mechi 15, na hakuna waliokutana mara mbili.

Timu zikiwa tano au saba, ongeza kizibo kitupu. Atakayetazamana nacho anapumzika wiki hiyo. Ligi kubwa nazo zinatokana na hesabu hii hii: timu 16 za Ligi Kuu yetu zikikutana nyumbani na ugenini, kila moja inacheza mechi 30, na zote pamoja ni 240.

Asalaam alaykum bibi. Hapa barazani kwetu tuko wacheza bao 20. Kila tukifanya mtoano, nusu ya watu wanaondoka saa ya kwanza na baraza linapoa. Ligi nayo haiishi. Mjukuu wangu kasema kuna mfumo wa Uswisi. Ndio upi huo? — Mzee wa baraza, Unguja

Waalaykum salaam, na shikamoo mzee wangu. Mjukuu amesema kweli, na kwa mchezo kama bao sijui mfumo unaoufaa zaidi. Bao ni mashimo 32 na kete 64, na wachezaji wawili wazuri hawamalizi kwa kuharakishwa. Ligi ya watu 20 ni michezo 190. Hapo Ramadhani itaingia na kutoka.

Mfumo wa Uswisi ulitumika kwanza kwenye mashindano ya sataranji mjini Zurich mwaka 1895, ndiyo maana ukaitwa hivyo. Hakuna anayetolewa. Raundi ya kwanza mnapanga kwa kura. Raundi ya pili, walioshinda wanakutana na walioshinda, walioshindwa na walioshindwa. Raundi ya tatu, mwenye pointi mbili anatafutiwa mwenye pointi mbili, mwenye moja anatafutiwa mwenye moja. Idadi isipogawanyika vizuri, mtu mmoja anashushwa akutane na aliye chini yake kidogo. Sharti kubwa ni moja: waliokwisha kukutana hawakutanishwi tena.

Kwa watu 20 raundi tano zinatosha, kwa sababu baada ya raundi tano hawezi kubaki zaidi ya mtu mmoja ambaye hajapoteza. Ni michezo 50 badala ya 190. Na jambo litakalokufurahisha ni hili: kadiri raundi zinavyosonga, kila mtu anajikuta mbele ya mtu wa kiwango chake. Yule kijana anayejifunza hatapigwa na fundi mara tano, atapata wa saizi yake na ataondoka ameshinda angalau mara moja, au karibu. Olimpiadi ya sataranji inachezwa hivi hivi, raundi 11, na nchi zinazofika pale ni nyingi mno kuweza kuchezeshwa ligi.

Wakilingana pointi mwishoni, jumlisha pointi walizopata wapinzani wa kila mmoja. Aliyekutana na wagumu ndiye mwenye jumla kubwa, na huyo anatangulia. Siku mkiwa 19, asiye na mwenzake apewe pointi ya raundi hiyo, na asipumzishwe mtu yule yule mara mbili.

Mjukuu huenda akasema pia kwamba Ligi ya Mabingwa ya Ulaya sasa inachezwa Kiuswisi. Hapo amekosea kidogo. Tangu msimu wa 2024/25 kweli wameacha makundi, timu 36 ziko kwenye jedwali moja na kila timu inacheza mechi nane. Lakini wapinzani wote nane wanajulikana kabla ya mpira wa kwanza kupigwa. Katika Uswisi wa kweli, mpinzani wako wa kesho anategemea ulichofanya leo.

Mama, shikamoo. Kwenye mashindano ya shule mwaka huu nimeona timu iliyokwisha kufuzu ikicheza kama haitaki kushinda, ili wakwepe timu fulani nusu fainali. Nililalamika, nikajibiwa hakuna kanuni iliyovunjwa. Hii ni haki? — Mwalimu, Tanga

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sababu nimewahi kusimama mahali uliposimama, na ratiba ilikuwa yangu.

Ilikuwa 1998, mpira wa pete, shule nane, makundi mawili. Nilikuwa nimeandika tangu mwanzo: kinara wa kundi A atacheza na wa pili wa kundi B, na kinara wa B na wa pili wa A. Kundi B nikalimaliza asubuhi, kundi A jioni. Asubuhi ile timu iliyokuwa tishio kwa wote ilipoteza kwa goli moja, mfungaji wao akiwa na homa, ikaangukia nafasi ya pili. Jioni timu mbili za kundi A, zote zimekwisha kufuzu, ziliingia uwanjani zikijua kwamba atakayeshinda anakutana na tishio. Nimeona wasichana wa miaka 16 wakipasiana mpira chini ya pete, mmoja ana nafasi ya wazi, anamtazama mwalimu wake, anaurudisha mpira nyuma. Mwamuzi alikuwa ananiangalia mimi. Watazamaji walizomea mpaka baadhi ya wale mabinti wakaanza kulia. Sijawahi kuwalaumu wale watoto. Ni mimi niliyewajengea mlango ambao ukishindwa ndipo unapofunguka.

Yaliyonitokea kwenye uwanja wa vumbi yamewatokea wakubwa mbele ya dunia nzima. Kombe la Dunia 1982 huko Hispania, Algeria iliifunga Ujerumani Magharibi 2-1, ikamaliza mechi zake za kundi ikiwa imeshinda mbili. Siku iliyofuata, 25 Juni, mjini Gijón, Ujerumani Magharibi na Austria zikaingia uwanjani zikijua kuwa ushindi wa Wajerumani wa bao moja au mawili unazipitisha zote mbili. Horst Hrubesch alifunga dakika ya 10, na kilichofuata ni dakika 80 za kurudishiana mpira. Waalgeria waliokuwa jukwaani walipunga noti hewani. Timu zote tatu zilikuwa na pointi nne kwa hesabu ya siku zile, Algeria ikatolewa kwa tofauti ya mabao. Tangu Kombe la Dunia la 1986, mechi za mwisho za kundi zinachezwa kwa wakati mmoja.

Kucheza kwa wakati mmoja kunapunguza ugonjwa, hakuumalizi. Katika Olimpiki ya London 2012, upande wa badmintoni wanawake wawili wawili, jozi nne, moja ya China, mbili za Korea Kusini na moja ya Indonesia, zilifukuzwa mashindanoni kwa kupoteza makusudi. Walikuwa wanapiga kile kinyoya wanachochezea kwenye wavu ili wasiwe vinara wa kundi. Mwaka ule ndio kwanza makundi yalikuwa yameingizwa kwenye badmintoni ya Olimpiki. Baadaye wenye mchezo walibadilisha: wa pili wa makundi wanapangiwa wapinzani kwa kura, baada ya makundi kwisha. Hapo hakuna faida ya kuwa wa pili, kwa sababu hujui unakwenda wapi.

Na kisa kikubwa kuliko vyote ni cha Januari 1994, kufuzu Kombe la Karibi, Barbados na Grenada. Waandaaji walikuwa wameamua kwamba sare haikubaliki, na bao la muda wa nyongeza linamaliza mechi papo hapo na kuhesabiwa mawili. Barbados ilihitaji kushinda kwa tofauti ya mabao mawili. Iliongoza 2-0, Grenada ikapata moja dakika ya 83. Barbados wakaona muda uliobaki ni mdogo kutafuta la tatu, wakajifunga wenyewe kuwa 2-2, ili wapate dakika 30 za kutafuta bao linalohesabiwa mawili. Grenada walipogundua wakataka nao wafunge, na lango lolote lingewafaa, maana kufungwa 3-2 kulikuwa kunawavusha. Barbados ikalinda magoli yote mawili! Ikafika muda wa nyongeza, ikafunga, ikaandikwa 4-2, ikafuzu. Hakuna aliyeadhibiwa, na kwa maoni yangu ilikuwa sahihi. Wachezaji walifanya hesabu ambayo waliotunga kanuni hawakuifanya.

Kwa hiyo, mwalimu, timu uliyoiona haikuvunja kanuni, nakubali, lakini malalamiko yako yapeleke kwa kamati ya ratiba na uende na mapendekezo mawili. Mechi za mwisho za makundi zichezwe kwa wakati mmoja, hata kama ni kukodi uwanja wa pili kwa siku hiyo. Na nusu fainali ipangwe kwa kura mbele ya manahodha baada ya makundi kwisha, vikaratasi ndani ya sufuria, nahodha mdogo kuliko wote ndiye achomoe. Nimefanya hivyo kuanzia 1999 hadi nilipostaafu, na lile la 1998 halikurudi.

Mama Ratiba, mimi ni Mwananchi na bado naumwa. Fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023, USM Alger walitufunga 2-1 Dar, tukaenda Algiers tukashinda 1-0. Jumla 2-2. Sasa kombe walichukuaje? — Shabiki wa Yanga, Dar es Salaam

Pole sana. Walichukua kwa mabao ya ugenini. USM Alger walifunga mawili kwa Mkapa tarehe 28 Mei, nyinyi mlifunga moja kwao tarehe 3 Juni, ile penalti ya Djuma Shaban. Jumla zikilingana, anayetangulia ni aliyefunga mengi nje ya kwake. Kanuni hii ilitungwa kuwahimiza wageni wasijifungie nyuma, enzi ambazo safari ilikuwa ndefu na ya kuchosha. Ulaya waliifuta mwaka 2021. Mimi pia ningeifuta, kwa sababu inamfanya mwenyeji wa mkondo wa kwanza aogope kushambulia nyumbani kwake mbele ya watu wake, na fainali ya bara ilistahili kumalizwa uwanjani, iwe kwa muda wa nyongeza au kwa matuta. Lakini ilikuwa imeandikwa kabla, na timu zote mbili ziliijua. Kombe ni lao kihalali.

Shikamoo mama. Kwenye AFCON ya 2019 Kenya ilimaliza ya tatu kundini na pointi tatu. Afrika Kusini nayo ilikuwa ya tatu na pointi tatu, ikavuka, sisi tukarudi. Bado sielewi. — Msomaji, Mombasa

Marahaba mwanangu. Mashindano yale yalikuwa ya kwanza kuwa na timu 24, makundi sita ya timu nne. Wawili wa kila kundi ni 12, na mtoano unataka 16, kwa hiyo nafasi nne walipewa walioshika nafasi ya tatu wenye rekodi nzuri zaidi. Hapo unalinganishwa na watu ambao hukucheza nao kabisa: kwanza pointi, kisha tofauti ya mabao, kisha mabao ya kufunga. Mfumo huu siupendi, lakini unazidi kukua. Kombe la Dunia la 2026 lina makundi 12 na timu nane za nafasi ya tatu zinazovuka.

Kenya mlifungwa 2-0 na Algeria na 3-0 na Senegal, na katikati mkatufunga sisi 3-2 usiku ambao Watanzania tuliongoza mara mbili. Tofauti yenu ikawa hasi nne. Afrika Kusini walifungwa moja moja na kushinda moja bila, hasi moja. Ndipo mlipopotelea. Na tazama jinsi ilivyokuwa karibu: mngefungwa 1-0 na Algeria, na 1-0 na Senegal, mngekuwa hasi moja kama wao, na mabao yenu ya kufunga yangekuwa matatu kwa moja lao. Kwa yale matatu mliyotufunga sisi, mngevuka.